Msomaji wa Pili: Jinsi ya Kuendesha Blogu ya Darasa Kisangani

Mwanafunzi wa humanite anaandika insha yake kwa ajili ya mtu mmoja tu. Mtu huyo ni wewe, mwalimu, na anajua utaisoma usiku, umechoka, kalamu nyekundu mkononi na rundo la madaftari mengine mbele yako. Kwa hiyo anaandika kile anachodhani unataka kukisikia: utangulizi, sehemu tatu, hitimisho, na methali moja ya kujaza ukurasa. Blogu ya darasa ina faida moja kubwa, na kwa maoni yangu ndiyo pekee inayostahili kazi yote itakayokuangukia. Inampa mwanafunzi msomaji wa pili. Huyo ni jirani wa Mangobo, shangazi aliyehamia Kinshasa, au mwanafunzi wa shule nyingine ng'ambo ya mto. Msomaji huyo hatoi pointi, na akichoka anaacha kusoma.

Ukilikubali hilo, maswali mengi yanajijibu. Usianze kwa kuuliza programu ipi ni nzuri. Uliza nani atasoma. Kama jibu la kweli ni "hakuna, ila inspekta atafurahi kusikia shule yetu iko kwenye intaneti", tunza mega zako.

Kuna sababu ya pili, nayo ni ya mji wenyewe. Kisangani imeandikwa sana na wapita njia. Joseph Conrad alifika kwa meli ya mvuke mwaka 1890, wakati hapa palipoitwa Stanley Falls, akageuza baada ya siku chache, na safari hiyo ikazaa kitabu kinachosomwa hadi leo katika vyuo vya dunia nzima. Mwaka 1979 V. S. Naipaul alitoa riwaya ya mji uliopo kwenye kona ya mto. Mji hautajwi jina, lakini mtu wa Makiso hapotei njia akiisoma. Waliokaa hapa wameandika pia, ila sauti zao hazikufika mbali kiasi hicho. Mmoja wao alikuwa karani wa posta ya Stanleyville, kijana ambaye hakuwa na elimu kubwa ya darasani. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 alikuwa akituma makala kwenye magazeti kama La Voix du Congolais kuhusu mambo ya mji huu. Jina lake Patrice Lumumba. Wanafunzi wako wanamjua Lumumba wa Juni 1960 na wa Januari 1961. Waambie pia habari za Lumumba aliyekaa mezani baada ya kazi akiandikia gazeti, maana huyo wanaweza kumwiga wiki hii.

Karatasi kwanza

Miezi miwili ya kwanza usiguse intaneti. Tengeneza gazeti la ukutani: karatasi kubwa, gundi, na mahali ambapo watu hulazimika kusimama, kama pale wanapopangia foleni asubuhi au karibu na mlango wa ofisi ya prefe. Toa matoleo manne. Utajua nani anamaliza kwa wakati, nani ana jicho la kuona kosa, nani anaandika vizuri lakini anaogopa jina lake kuonekana. Utajua pia kama kuna mtu anayesoma. Simama kando wakati wa mapumziko, uangalie macho ya wasomaji yanaishia kwenye mstari gani. Takwimu za blogu hazitakuonyesha jambo hilo.

Matoleo hayo manne ndiyo utakayopeleka kwa prefe wa masomo. Shule nyingi zimekataza simu, na zina sababu zake, kwa hiyo usiende kuomba "ruhusa ya mitandao ya kijamii", maneno yanayomfanya kiongozi yeyote wa shule afikirie video za TikTok na kesi za wazazi. Nenda na gazeti mkononi, useme: hili tunataka lisomwe na wazazi na watu wa nje, litapitia simu moja, nitaishika mimi, na hakuna mwanafunzi atakayeleta simu darasani kwa sababu yake. Baada ya prefe, zungumza na komite ya wazazi. Waandikie barua ya ukurasa mmoja kwa Kifaransa, na mkutanoni uieleze kwa Kiswahili na Kilingala. Iseme ni nini kitachapishwa, jina la mtoto litaonekana vipi, nani ana uwezo wa kufuta, na kwamba mzazi akikataa mtoto hatapoteza pointi hata moja. Mwanafunzi ambaye mzazi wake amekataa ataendelea kuandika kwenye ukuta, na kazi yake itasahihishwa sawasawa na ya wengine.

Waandike nini

Hapa ndipo blogu nyingi za shule hufa. Tunawapa watoto mada za insha ya mtihani, kama "umuhimu wa maji", "ubaya wa ukataji miti" au "vijana na teknolojia", halafu tunashangaa hakuna anayesoma. Ni mada ambazo mtu yeyote angeweza kuziandika akiwa popote duniani, na tayari wameziandika maelfu.

Wape swali ambalo jibu lake halipatikani mpaka mtu atembee. Mama mmoja wa mtaa wako anachota wapi maji siku bomba likikauka, na ndoo moja anailipa franka ngapi? Mwendesha toleka anapata nini kwa siku? Baiskeli ni yake au analeta malipo kwa mwenyewe, na pikipiki zimemnyang'anya abiria wa safari zipi? Anayepika lituma pembeni ya soko ananunua ndizi zilizotoka kijiji gani, zilifika kwa njia gani, na bei ilibadilikaje kati ya msimu wa mvua na msimu wa jua? Kila swali hapo lina tarakimu ndani yake, na tarakimu humlazimisha mwandishi kuuliza mtu.

Wagenia ni mfano wa mada iliyochakaa kwa sababu ya kuangaliwa kutoka mbali. Kila mgeni amepiga picha ya mitego yao, ile mikubwa ya vikapu inayoning'inia kwenye magogo katikati ya maji yaendayo kasi, na maelezo chini ya picha ni yale yale. Mwanafunzi anayetoka katika familia za wavuvi hao anaweza kuuliza yasiyoulizwa: mahali pa kuweka mtego hurithiwa vipi, nani huamua ugomvi ukitokea, magogo hukatwa ya mti gani, na nini hufanyika mwaka ambao mto umepanda kupita kawaida. Kama una mtoto kama huyo darasani, mada ni yake. Usimpe mwenzake mwenye Kifaransa kizuri zaidi.

Upande wa Lubunga kuna reli. Maporomoko ya Boyoma ni saba, yanakata mto kwa takriban kilomita mia moja kati ya Ubundu na Kisangani, na meli haziwezi kuyapita. Ndiyo sababu reli ya kilomita 125 ilijengwa na kufunguliwa mwaka 1906. Darasa lolote linaweza kunakili sentensi hiyo. Lakini mzee aliyefanya kazi kwenye reli anakumbuka treni iliyochelewa siku ngapi, ilibeba nini, na mishahara ilisimama lini. Kama shule yako iko Makiso, tafuta mwalimu mwenzako wa Lubunga, mbadilishane: wake waandike kuhusu kuvuka mto kila asubuhi, wako waandike kuhusu upande huu, halafu kila darasa lisome la mwenzake na lirudishe maswali matano. Kwa njia hiyo utakuwa umepata msomaji wa pili kwa bei ya nauli ya mtumbwi.

Kwa walimu wa sayansi, blogu ya mvua haina gharama. Chupa ya plastiki iliyokatwa juu, rula, mahali wazi pasipo mti, na mwanafunzi wa zamu anayesoma kila asubuhi saa ile ile. Ukiuteremka mto kilomita mia moja hivi kuna Yangambi, ambako utafiti wa kilimo na msitu umefanyika tangu wakati wa INEAC, taasisi iliyoundwa mwaka 1933, na ambako mwaka 2020 mnara wa CongoFlux ulianza kupima jinsi msitu unavyobadilishana kaboni na hewa. Watoto wakijua kwamba wanachofanya na rula ni ndugu wa kile kinachofanywa na mnara ule, hawatajaza tarakimu za uongo. Wengine watajaza, lakini utawakamata: mvua haisomeki sawa siku tano mfululizo.

Mada moja iache mpaka darasa likomae. Ni vita vya siku sita vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji huu. Wanafunzi wako hawakuwa wamezaliwa, wazazi wao waliviona. Ni historia inayostahili kuandikwa na watoto wa mji, lakini kuna nyumba ambamo swali hilo linafungua kidonda. Zungumza na mzazi kwanza, mtoto aulize baadaye, na majina ya watu yabaki nje ya maandishi.

Kuhusu urefu: maneno mia tatu yanatosha. Kabla hayajatoka, yapitie mikono mitatu. Wa kwanza ni mwenzake anayesomewa kwa sauti na kusema alipopotea. Wa pili anakagua ukweli: kila bei, kila tarehe, kila kilomita lazima ionekane kwenye daftari la mahojiano, na aliyeisema awe ameandikwa hapo. Wa tatu anasahihisha tahajia. Wewe unakuja mwisho. Ukija mwanzo, watarudi kukuandikia wewe.

Lugha

Darasani ni Kifaransa, sokoni ni Kilingala na Kiswahili, na katiba ya 2006 inazitambua lugha zote mbili hizo miongoni mwa lugha nne za taifa. Ushauri wangu ni huu: mahojiano yafanywe kwa lugha ya anayeulizwa, na maneno yake muhimu yabaki kama alivyoyasema. Makala inaweza kuwa ya Kifaransa kama inahesabiwa kwenye somo la Kifaransa, lakini angalau moja kati ya nne iwe ya Kiswahili au Kilingala, la sivyo mama aliyehojiwa hatasoma habari yake mwenyewe. Na usimvalishe mzee wa Kabondo Kiswahili cha Zanzibar. Msemaji aachiwe Kiswahili chake. Mwandishi ndiye mwenye wajibu wa kuchagua tahajia moja na kubaki nayo.

Simu moja, chaji moja

Tuseme ukweli wa mji. Bwawa la umeme liko hapa hapa kwenye mto Tshopo, na bado watu wanalipa kuchajiwa simu kibandani. Kwa hiyo panga kana kwamba umeme utakosekana. Maandishi yote yaandikwe kwanza kwenye karatasi, kisha mchapaji wa wiki ayaandike kwenye simu bila kuwasha data. Siku moja kwa wiki unawasha, unapakia, unazima. Picha moja kwa makala inatosha, tena ndogo. Andika ukutani gharama ya mega za kila mwezi na nani amezilipa. Zikitoka mfukoni mwako kimya kimya, mradi utakufa mwezi ambao mshahara umechelewa.

Kwa jukwaa, Blogger na WordPress.com zote ni za bure. Mimi ningechagua Blogger kwa sababu ni nyepesi na inakuruhusu kuifunga blogu isomwe na walioalikwa tu wakati mnajifunza. Akaunti iwe ya mtu mzima. Google, Facebook na WhatsApp hazimruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kuwa na akaunti ya kawaida, na hata aliyefikisha umri huo hana haja ya kubeba mzigo wa akaunti ya darasa.

Lakini usitegemee watu waende kwenye blogu. Wasomaji wako wako WhatsApp na Facebook, na kiungo kinakula mega. Basi blogu iwe ghala la kuhifadhia, na makala yenyewe uibandike nzima, maneno yote, kwenye ujumbe wa WhatsApp. Maneno mia tatu hayana uzito wowote kwa data, ila video ya dakika tatu itafunguliwa na wachache. Nayo sauti ya dakika moja ya mwanafunzi akisoma makala yake kwa Kilingala itamfikia bibi asiyesoma.

Kwa utafiti, kuna kifaa ambacho ningependa kila shule ya mkoa wa Tshopo iwe nacho kabla ya blogu yoyote: Kiwix. Ni programu ya bure inayohifadhi Wikipedia kwenye simu au kadi ya kumbukumbu, ikasomwa bila intaneti. Wikipedia nzima ya Kifaransa ni kubwa mno kwa simu ya kawaida, lakini kuna matoleo madogo, na kuna Vikidia, ensaiklopidia ya Kifaransa iliyoandikwa kwa ajili ya watoto wa miaka 8 hadi 13, nyepesi zaidi. Mtu mmoja mwenye intaneti nzuri anaipakua mara moja. Wengine wanaipokea kutoka simu hadi simu bila kutumia mega.

WhatsApp na usiku wake

Walimu wengi tayari wana makundi ya darasa, na mengi yameundwa bila kufikiri. Jambo la kwanza: ndani ya kundi kila mmoja anaona namba ya kila mmoja. Ukiingiza wasichana thelathini pamoja na kaka, wajomba na watu ambao hukumbuki waliongezwa na nani, umegawa namba zao. Kwa kutuma makala kwa wazazi tumia orodha ya matangazo, ambapo ujumbe unamfikia kila mtu kama barua yake binafsi na hakuna anayemwona mwenzake. Orodha moja hubeba watu 256, na ni lazima kila mpokeaji awe ameiweka namba yako kwenye simu yake. Kwa umma kuna chaneli, nayo inaficha namba za wafuasi wasionane. Kundi libaki kwa timu ndogo ya wahariri na watu wazima, na liwekwe mpangilio wa wasimamizi pekee kuandika baada ya saa mbili usiku.

Jambo la pili ni gumu zaidi, na ni heri niliseme wazi. Hapana mazungumzo ya faragha kati ya mwalimu na mwanafunzi kwenye simu. Sote tunajua maneno yanayosemwa kuhusu pointi zinazolipwa kwa mwili, na tunajua siku hizi hadithi hizo huanzia wapi: ujumbe wa saa nne usiku, "umelala?" Weka sheria kwamba kila ujumbe wa kazi unaonekana na watu wazima wawili, mmoja wao mwanamke. Sheria hiyo inamlinda mtoto, na inamlinda pia mwalimu mwadilifu dhidi ya uzushi. Mwalimu anayeikasirikia umemjua.

Na mwanafunzi asiye na simu asikose kitu. Tangazo lolote lililotumwa WhatsApp liandikwe pia ubaoni kesho yake asubuhi. Anayekuja kwa miguu kutoka mbali, bila simu nyumbani, mara nyingi ndiye mwenye habari ambayo wengine hawana.

Majina, nyuso, askari

Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamhesabu mtoto kuwa kila aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo karibu darasa lako zima. Jina la kwanza au jina la kalamu linatosha. Hatari iko kwenye mchanganyiko: jina kamili, shule, mtaa na saa ya kutoka masomo vikikutana kwenye ukurasa mmoja, umemchorea mtu mbaya ramani. Picha zionyeshe mikono, vyombo, mahali, watu kwa mgongo. Picha ambayo uso unaonekana iwe na ruhusa ya mwenye uso, na kama ni mtoto, ya mzazi wake.

Kamwe mwanafunzi asipige picha ya askari, kizuizi cha barabarani, kambi, uwanja wa ndege wa Bangboka au mitambo ya umeme bila kibali cha maandishi. Simu itachukuliwa, na mtoto atalala mahali usipotaka. Usiwaachie wajifunze hilo kwa majaribio.

Uvumi

Tangu Februari 2023 mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umeua watu katika mkoa huu, ukafika Lubunga, na waliokimbia makazi wakavuka kuja upande huu wa mto. Huenda watoto wa pande zote mbili wanakaa kwenye benchi moja darasani mwako. Hiyo ndiyo sababu blogu ya shule haishindani na redio. Weka kanuni: habari ya tukio lolote la vurugu haiandikwi na darasa, na makala nyingine zote husubiri siku tatu kabla ya kutoka. Siku tatu zinaua uvumi mwingi zenyewe. Kabila la mtu halitajwi isipokuwa makala yenyewe inahusu utamaduni, na aliyehojiwa amekubali.

Wafundishe swali moja la kuuliza mbele ya kila ujumbe uliosambazwa: nani aliona kwa macho yake, na anaitwa nani? "Imetumwa na mtu wa uhakika" si jibu. Picha ya maiti au moto iulizwe ilipigwa wapi. Angalieni mabango, sare, mimea, lugha iliyo kwenye kuta. Linganisheni na Radio Okapi, ambayo tangu 2002 inatangaza kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, pamoja na Congo Check, waliofanya kukagua uvumi kuwa kazi yao tangu 2018. Zoezi zuri la saa moja: leteni ujumbe mmoja uliozunguka mtaani wiki hii, mwandike ubaoni kilichothibitika upande mmoja na ambacho hakijathibitika upande wa pili. Upande wa pili hujaa haraka.

Waeleze pia sheria, bila kuwatisha kupita kiasi. Kanuni ya dijitali ya Kongo iliyotiwa saini tarehe 13 Machi 2023 inamwadhibu anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu kupitia mitandao: kifungo cha mwezi mmoja hadi sita, au faini ya franka 500,000 hadi 1,000,000, au vyote viwili. Zingatia neno kusambaza. Kijana anayebonyeza "peleka mbele" anadhani hakuandika yeye. Sheria haimwachi kwa hilo. Kifungu hicho kina wakosoaji wake, wanaoogopa kitatumika kuwafunga midomo waandishi, na nadhani hofu yao ina msingi. Wanafunzi wakubwa wanaweza kuujadili ubishi huo. Lakini wajue kwanza kwamba upo uwezekano wa kufikishwa mbele ya mwendesha mashtaka kwa ujumbe mmoja.

Kunakili, roboti na Exetat

Programu za akili bandia zinaandika Kifaransa kisafi kuliko cha wengi wetu, na zimeshafika mikononi mwa wanafunzi wa mwaka wa nne. Kupiga kelele hakusaidii. Sahihisha daftari la mahojiano, si makala. Pointi nyingi zitolewe kwa maswali yaliyoulizwa, majibu yaliyoandikwa hapo hapo, tarehe, mahali, na masahihisho ya mikono mitatu. Programu haiwezi kwenda kumuuliza mama wa lituma bei ya ndizi. Ukiwa na shaka, mwite mwandishi, mfungie makala, muulize kwa mdomo dakika tano. Aliyetembea atakueleza hata yale aliyoyaacha.

Idadi ya waliopenda isiingie kwenye pointi kamwe. Mtoto mwenye ndugu wengi Ulaya atamshinda yatima kila wiki.

Msimu wa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ukikaribia, wauzaji wa "majibu" hujaa WhatsApp. Tumia ujumbe wao kama somo la kukagua: nani anauza, kwa nini anataka malipo kabla, mwaka jana alimfaulisha nani mwenye jina? Wakumbushe simu haiingii kwenye chumba cha mtihani kwa sababu yoyote, hata ikiwa imezimwa.

Maoni, kukatika, na funguo

Maoni ya wasomaji yasionekane mpaka uyapitishe. Blogger na WordPress zote zina mpangilio huo. Tusi likija kwa mwanafunzi, piga picha ya skrini, lihifadhi, lifute, mwambie mzazi. Usijibu. Sifa tupu nazo usizipe uzito. Linalomfaa mwandishi ni swali, kwa hiyo waombe wazazi waandike swali moja badala ya "hongera".

Intaneti inaweza kuzimwa. Baada ya uchaguzi ilikatwa nchi nzima kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 na watu wakakaa bila huduma karibu wiki tatu. Kwa hiyo mwisho wa kila muhula nakili makala zote kwenye kadi ya kumbukumbu na uchapishe nakala moja ya karatasi kwa ajili ya shule. Hiyo ya karatasi ndiyo itakayokuwepo 2050.

Darasa likishika kasi, waonyeshe wanafunzi wenye umri wa kutosha watu wengine wanaofanya kazi hii: Mondoblog ya RFI, inayofundisha wanablogu wa Kifaransa tangu 2010, Habari RDC, mtandao wa wanablogu vijana wa Kongo ulioanza 2016, na Ponabana ya UNICEF, ambako vijana wa miji mbalimbali ya nchi huandika kuhusu haki za mtoto. Wasome kwanza wajue kinachokosekana hapo kuhusu mtaa wao.

Nywila ya blogu ishikwe na watu wazima wawili, na nakala yake iwe kwenye bahasha iliyofungwa katika sanduku la prefe. Washa kwenye WhatsApp ile namba ya siri ya tarakimu sita, maana akaunti ikiibwa, mwizi ataomba pesa kwa wazazi wote kwa jina lako. Mwalimu akihamishwa, nywila ibadilishwe siku hiyo. Wanafunzi wakimaliza, kila mmoja apewe maandishi yake yote. Na yeyote atakayerudi baada ya miaka mitano akiomba makala yake ya ujana iondolewe, iondoe siku hiyo hiyo, bila kumuuliza sababu.